Mapigo ya Mwenzio

Mkanda ulikuwa mweusi, upana wa vidole viwili,
na sharti uulowanishe kwanza kwa mate.
Hivyo ndivyo alivyotufunza Kauko, kocha wa klabu,
ambaye mchana alikuwa fundi wa mabomba:
"Temeeni hapa penye mpira, mpake, mfunge.
Kifua kikavu hakina habari."
Wanawake tukaenda nyuma ya kibanda cha nta,
tukapandisha sweta tatu tatu,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
tukafunga, tukaguna, tukacheka.
Kuhmo, mwezi wa pili, mwaka wa tisini na moja.

Kwenye kadi aliniandikia: mia na thelathini, usizidi.
Nikapanda kilima cha kwanza kwa mwendo wa bi harusi,
namba ikapanda nami,
mia na kumi, mia na ishirini na mbili.
Nikasimama kukaza kamba ya kiatu.
Nimesimama. Pumzi imetua.
Saa inasema mia na sabini na nne.

Nikadhani ndiyo safari.
Nikashika shingo, nikahesabu kwa kidole: tisini na kitu.
Ndipo akapita Taisto wa kiwanda cha mbao,
ambaye majira yote yale hakunisemesha neno,
akapita hatua moja tu kutoka nilipoinama,
skii zake zikikwaruza barafu,
uso umetulia kama mlango uliofungwa,
na saa yangu inamsoma: mia na themanini na moja.
Alipomezwa na misonobari
nikarudishiwa moyo wangu.

Kauko alicheka hadi kofia ikamdondoka.
Mikanda hii, alisema, haijui siri,
humtangazia yeyote aliye umbali wa mkono.
"Usisafirie nyota ya mwenzio, Orvokki.
Kaa naye mbali."

Sikukaa mbali.
Majuma sita nilijizoeza kwa moyo usio wangu.
Nilijua kilima cha kinu cha zamani kinamtesa
na kwamba angekufa kabla ya kukiri.
Nilijua pia kuwa kwenye tambarare,
mahali pasipo na kazi yoyote,
kila nilipomkaribia namba yake ilipaa.
Hilo sikumwambia kocha.
Wanasema moyo wa mwenzio ni msitu wa usiku.
Mimi nilikuwa na kurunzi.

Siku hizi kila mkanda una namba yake ya siri,
unaoana na saa moja tu, haumsikii jirani.
Muuzaji anasema ndiyo maendeleo.
Binti yetu alituletea miwili, ya simu,
inachora vilima vya rangi ya chungwa
na kukupongeza hata kwa kwenda kuchukua barua.

Mwaka jana, barafu ya ziwa ikianza kulainika,
walimpitishia Taisto mrija mkononi hadi moyoni
wakamwachia huko kichujio cha waya,
kidogo kuliko punje ya mchele.
Daktari akamwandikia namba yake: mia na kumi, usizidi.
Tangu hapo, ukimuuliza, yuko sawa.
Analisema kwa sauti ile ile
ya kusema kahawa imekwisha.

Basi nikautoa mkanda wa kale kwenye droo ya mishumaa.
Fundi wa saa aliupasua, akatia betri, akaubandika kwa gundi.
Taisto huuvaa jioni, eti haumbani kama ule mpya.
Mimi huvaa saa peke yake, kifua kitupu,
kisha nafagia mahali palipokwisha fagiwa,
napita na sahani, napita bila sahani.
Hamsini na nane. Hamsini na sita.
Walipotangaza kwamba kiwanda kitafungwa,
themanini na tisa, na uso haukutikisika.

Jana niliinama kuchukua kikombe chake.
Sitini na mbili. Sitini na saba. Sabini na nne.
Nikarudi nyuma hadi dirishani, ikafifia.
Nikasogea tena.
"Unatafuta nini?" akauliza, macho kwenye gazeti.
Kijiko, nikasema.